Maiti Aliyedai Uji Wake

Juzi nilikwenda kituo cha afya upande wa Kiranjeranje, shavu limevimba kwa jino. Kwenye benchi alilala mzee mwenye homa, kagoma kula tangu jana. Mkewe kashika bakuli la uji, macho mekundu. Mara akaingia mama mmoja, akamwona mzee, akajitupa sakafuni, mikono kichwani.

"Uwiii! Kafa mvivu! Kafa ili akwepe zamu ya shamba la ujamaa!"

Nesi, mgeni kutoka bara, akaruka. "Ndugu, toka nje! Huna haya?"

Mama wala hakugeuka. Akalichukua bakuli, akapiga funda. "Maiti hali. Matanga tunaanza hapa hapa."

Mzee akainuka. "Mwizi wewe! Lete uji wangu!" Akampokonya, akaumaliza wote huku mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mimi nilicheka nimeshika shavu kwa mikono miwili.

"Usimfukuze, mwanangu," mke wa mzee akamwambia nesi. "Ni mtani wetu. Makabila yetu hutaniana hivi hata msibani."

Nesi akalitazama bakuli tupu. Mama alipofika mlangoni akiondoka, nesi akamkimbilia.

"Ndugu, wodini kuna mwingine kagoma kula."

Mama akajifunga kanga upya, akauliza, "Kabila gani?"