Sarafu ya Mwenye Pembe

Makambako ya wakati wa Mwingereza ilikuwa njia panda yenye upepo mkali na maduka machache ya bati. Gari likitoka Iringa, liwe linaelekea Mbeya au linashuka Njombe, lilisimama hapo lipumue, na kama lilikuwa na pancha liliishia mikononi mwa Methusela. Alikuwa fundi wa matairi katika gereji ya Mgiriki mmoja aliyeitwa Kosta. Methusela alikuwa mrefu, mpole, vidole vyake vimeingia weusi wa mpira usiotoka kwa sabuni yoyote. Watu walimwona mtu wa kawaida kabisa, isipokuwa kwa jambo moja: alikusanya fedha za watu waliokufa.

Hivyo ndivyo mkewe, Fidelia, alivyoziita. Methusela mwenyewe aliziita sarafu za kale.

Vita vya Hitla vilimkuta angali kijana, vikamchukua mpaka Libya. Hakupewa bunduki, alipewa sururu. Siku moja, wakichimba handaki karibu na magofu ya mji wa zamani, sururu yake ilivunja chungu, na ndani ya chungu kile mlikuwa na vipande vya fedha na shaba vilivyoshikamana kwa kutu. Wenzake walidhani ni vifungo vya koti. Methusela alitema mate juu ya kimoja, akakifuta kwa kidole, na uso wa mtu ukamtazama. Hakuweza kuutupa. Alirudi navyo kwao vikiwa vimeshonewa ndani ya mkanda.

Kosta ndiye aliyemfungua macho. Alipoonyeshwa zile sarafu mara ya kwanza, Mgiriki yule alijikalia juu ya tairi bovu, akasoma maandishi yake kwa sauti, kwani yalikuwa herufi za kwao. Akamweleza kwamba mji ule ulijengwa na Wagiriki kabla Yesu hajazaliwa, baadaye Warumi wakautawala. Kumbe Kosta naye alikuwa na zake chache alizorithi kwa mjomba wake. Tangu hapo wawili hao wakawa na mazungumzo yasiyoeleweka na mtu mwingine gerejini. Ilifika mahali Methusela akafanya kazi Jumamosi kutwa, na badala ya ujira akaomba apewe Kaisari mmoja wa shaba aliyelika pua. Fidelia alipopata habari alikwenda kwa jirani kuomba chumvi.

Katika zote, Methusela aliipenda moja kupita kiasi. Ilikuwa ya fedha tupu. Upande mmoja palikuwa na kichwa cha kijana mwenye pembe ya kondoo iliyojikunja juu ya sikio. Upande wa pili palikuwa na mmea wa shina nene. Kosta alisema mmea ule ulikuwa dawa na kiungo cha chakula, na watu waliuchuma mpaka ukaisha duniani. Ukingo wa sarafu ulikuwa umepasuka mahali pamoja, ukaacha jino kali. Kosta aliwahi kumbembeleza amuuzie, akakataa.

Fidelia aliichukia hiyo hiyo.

"Mtu mwenye pembe ni nani, Baba Bertila, kama si yule tunayemkataa kila ubatizo?"

"Ni pembe ya kondoo tu, mama. Kondoo yumo hata kwenye Biblia."

"Kondoo yumo. Mtu mwenye pembe hayumo."

Jumapili moja ya masika, baada ya ibada, Methusela alitandika gunia mlangoni penye jua, akazipanga sarafu zake juu yake. Bertila, binti yao wa pekee, mwenye umri wa kama miaka minne, alichuchumaa kando akizitazama. Yeye aliziita picha. Mara sauti ikaita kutoka barabarani: lori limechomwa na msumari, dereva ana haraka. Methusela akanyanyuka. Alijiambia kwamba atarudi sasa hivi.

Alikuwa bado ameinama juu ya gurudumu aliposikia Fidelia akipiga kelele. Haikuwa kelele ya hasira. Hasira yake aliijua. Alitupa spana akakimbia.

Alimkuta mtoto amesimama wima katikati ya uwanja, shingo ameinyoosha mbele kama kuku, mate yakimchuruzika kidevuni. Alijaribu kulia, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya kukwaruza. Methusela alitupa jicho kwenye gunia. Wafalme na Makaisari walikuwepo. Kijana mwenye pembe hakuwepo.

"Amemeza nini?" Fidelia aliuliza, ingawa macho yake yalikwisha kulifikia gunia. "Methusela! Amemeza nini mwanangu?"

Kumwita mumewe kwa jina lake hakukuwa desturi yake. Methusela alijibu kwa sauti ndogo.

Fidelia alikimbilia jikoni akarudi na tonge la ugali. "Ameze hili, liisukume iende chini."

"Hapana!" Methusela alimshika mkono. "Ile ina jino pembeni. Ikisukumwa itamchana."

"Wewe unaijua hiyo sarafu kuliko unavyomjua mtoto wako!"

Tonge lilianguka. Methusela alimbeba Bertila mikononi, kifua chake kikiwa kimekaa wima ili apate kupumua, akakimbia naye hadi gerejini. Alipokuwa akitoka uani alizoa sarafu zilizobaki pamoja na gunia lake, akalibana kwapani. Fidelia aliliona lile gunia. Aliuma meno.

Kosta alikuwa anakula. Alipoelezwa aliinuka, kisahani kikaanguka na kuvunjika, naye akakanyaga vipande bila kutazama. Dakika chache baadaye lori lake dogo lilikuwa linaikata barabara ya Njombe, watatu wamebanana mbele na mtoto amepakatwa na mama yake.

Masika yalikuwa yameigeuza barabara ile kuwa uji. Kwenye miteremko lori liliteleza upandeupande kama ng'ombe aliyekataa kamba. Kosta alishika usukani kwa mikono yote miwili na jasho likimtoka, ijapokuwa ukungu ulikuwa umeshuka na baridi imeingia. Kila gari lilipotumbukia shimoni, Bertila alikohoa, na kila alipokohoa wazazi wake walibana pumzi.

Walipopita Mtwango, kwenye kilima, magurudumu ya nyuma yakazama. Lori likanguruma, likatupa matope, likakaa.

Methusela alishuka. Alivunja matawi ya miti, akayasokomeza chini ya matairi kwa mikono mitupu, kisha akatandika lile gunia juu yake, sarafu amezihamishia mfukoni. Akaegemeza bega nyuma ya lori. "Twende!" Matope yalimrukia mdomoni. Lori liliyumba, likapanda kidogo, likarudi. Kutoka ndani alisikia Fidelia akiomba kwa Kibena, haraka haraka, bila kuvuta pumzi. Alisukuma tena hadi akaona giza machoni, na lori likachomoka.

Hospitalini Njombe waliambiwa daktari amekwenda safari Ludewa na hajulikani atarudi lini. Aliyekuwepo ni mganga msaidizi, Anania, kijana wa Bulongwa mwenye miwani na sauti ya taratibu. Alimsikiliza mtoto kifuani, akamtazama kooni, akabonyeza shingo yake polepole.

"Imekaa kwenye njia ya chakula, hapa juu," alisema. "Ingeingia njia ya hewa, tusingekuwa tunazungumza. Lakini panavimba. Pakizidi kuvimba, hewa nayo itazibwa."

"Utaitoa?" Fidelia aliuliza.

Anania alikwenda kabatini akaleta chuma chembamba kirefu, kinachopindika kama waya wa mwavuli, chenye kipete kinachocheza mwishoni, cha kunasia kitu kooni. "Kipo chombo. Nimemwona daktari akikitumia mara moja. Mimi sijakitumia." Akamgeukia Methusela. "Sarafu yenyewe ina ukubwa gani?"

Methusela aliingiza mkono mfukoni, akatoa sarafu zilizojaa matope, akachagua moja kwa kuipapasa tu. "Kama hii. Ila ile ina ufa pembeni, na penye ufa pana jino. Linakata."

Anania aliichukua, akaining'iniza kwenye kile kipete, akaitikisa, akaiinua na kuishusha mara kadhaa. "Basi nisiivute kwa nguvu," alijisemea. "Haya. Mama, utangoja nje."

"Siendi popote, Mganga."

Hawakubishana naye. Bertila alifungwa ndani ya blanketi kama mtoto mchanga, Methusela akamkumbatia magotini pake, Fidelia akakishika kichwa, Kosta akashika tochi. Midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kugeuka rangi. Anania akapitisha chuma.

Kilishuka, kikapanda kitupu. Bertila alijikunja mwili mzima, miguu ikampiga baba yake tumboni. Anania alifuta miwani, akapitisha tena. Safari hii kitu kiligusana na kitu ndani, mlio mdogo sana, lakini wote wanne waliusikia. Akavuta. Kikaja kidogo, kikakwama. Damu ikajitokeza pembeni mwa mdomo wa mtoto.

"Limeshika," alinong'ona Methusela. "Lile jino limeshika."

Anania aliacha kuvuta. Mwanga wa tochi ulikuwa unacheza ukutani. Kisha alifanya jambo lililomfanya Fidelia afumbe macho: alikirudisha chuma chini kidogo, akakizungusha, akangoja, halafu akakiinua tena taratibu. Kitu kikalia ndani ya beseni.

Bertila alivuta pumzi, akalia. Sauti ilikuwa mbovu, imepasuka, na hakuna kati yao aliyewahi kusikia kilio kitamu namna ile. Anania alikaa sakafuni, mgongo ukutani, akacheka kicheko kilichokaribia kilio.

Baadaye, mtoto alipolala, Anania aliiosha sarafu akamkabidhi mama. Fidelia aliigeuza kiganjani. Aliutazama ule mmea, akautazama ule uso, muda mrefu kuliko alivyowahi kuutazama. Kisha alitoka nje, akavuka uwanja wenye ukungu akielekea chooni, kwenye shimo.

Kosta alimwona alikokuwa anaelekea. "Methusela! Mzuie! Unajua ile ni kitu gani?"

"Naijua."

"Basi mzuie!"

Methusela alibaki alipo, mikono ameiweka juu ya blanketi la mtoto. Fidelia aliporudi alikuwa anafuta kiganja kwenye kanga. Kosta alijishika kichwa, akatoka kwenda kwenye lori lake, na alikaa huko hadi hasira yake ilipopoa.

Bertila alilazwa mpaka koo lilipopona. Sauti yake haikurudi kama zamani. Ilibaki nzito, na alipokua waimbaji wa kanisani walimweka pamoja na wanaume, jambo lililomchekesha.

Siku waliporudi Makambako, Methusela hakungoja kuulizwa. Alizileta sarafu zote zilizobaki ndani ya kopo la majani ya chai, akaliweka mbele ya mkewe, karibu na mafiga.

"Tupa na hizi."

Fidelia alikuwa anachambua mboga. Aliendelea kuchambua. Methusela alisimama pale akitazama moshi.

"Ulivyomwambia yule mganga habari za lile jino," mwishowe Fidelia alisema, "nilikuchukia na nikamshukuru Mungu, yote mara moja. Sijui nifanye nini na jambo kama hilo."

"Hata mimi sijui."

Alilifungua kopo, akachungulia nyuso zile za shaba na fedha, akalifunika.

"Hawa hawajamtenda mtu kitu," alisema. "Nenda kanunue kufuli."

Alikwenda, akanunua, akatengeneza na kisanduku cha mbao. Ufunguo alikaa nao Fidelia, umefungwa kwenye pindo la kanga. Miaka yote iliyofuata, mpaka Kosta alipofunga gereji na kurudi kwao, na hata baada ya hapo, Methusela alipotaka kuwaona Makaisari wake Jumapili baada ya ibada, ilimbidi kwanza amwombe mkewe. Mara nyingine alimpa. Mara nyingine alimwambia akate kuni kwanza.