Cha Mferejini Kipite Motoni

Enzi zetu, ukimkuta mtu anatafuna majani mabichi ulimwonea huruma. Ulidhani ama akili zimemruka, ama kuni zimekwisha nyumbani kwao. Majani mabichi yalikuwa ya mbuzi. Binadamu alikula mnavu uliochemshwa ukamwagwa maji ya kwanza, akala majani ya maboga yaliyotulia kwenye maziwa, akala mtori, akala loshoro, ile ya mahindi na maziwa mgando iliyokukaa tumboni tangu asubuhi mpaka kengele ya mwisho ya shule. Kama nawe ulikulia kwenye miteremko ya Meru, na meno yako yana ile rangi ya kahawia tuliyopewa na maji yetu, unajua ninachosema. Wajukuu zetu siku hizi wanakwenda kwa daktari wa meno kuyang'arisha. Sisi tulitambuana nayo hata ugenini. Mtu akicheka tu, unamwuliza yeye ni wa kwa nani kule juu.

Yote haya nimeyakumbuka kwa sababu ya bakuli moja lililowekwa mezani kwangu Jumamosi iliyopita, na hofu iliyonikaa kifuani siku kadhaa kabla halijafika.

Mjukuu wangu Anande amesomea upishi, na sasa anapika kwenye hoteli moja ya watalii mjini. Jumamosi hiyo wakwe zake watarajiwa walikuwa wanakuja kutoka Machame, wakanyage nyumbani kwetu Nkoaranga kwa mara ya kwanza. Mimi nilishapanga ndizi za nyama, pilau na jogoo. Anande alikubali yote bila ubishi, kisha akasema wageni wataanza na saladi: majani mabichi, parachichi, karanga za kukaanga, na juu yake ndizi mbivu zilizopikwa kwenye sukari ya kuunguza. Nikamwuliza hayo majani atayapata wapi.

"Kikwe, Bibi. Kuna mama anayalima kwa mfereji, hapigi dawa hata kidogo."

Alilitamka neno mfereji kwa furaha, kama mtu anayetaja jina la rafiki. Mimi nikatafuta kiti.

Mfereji wetu ulipita nyuma ya nyumba, katikati ya migomba na kahawa. Babu zetu ndio walioupasua kutoka mtoni, na kila ukoo ulikuwa na zamu yake ya maji. Tuliamka kwa sauti yake. Tulichota humo, tukaosha miguu humo kabla ya kwenda shule, tukaelesha mashua za maganda ya migomba, na aliyeshindwa aliwabebea wenzake kuni za mwalimu. Huko juu yetu kulikuwa na nyumba nyingine, na ng'ombe wao, na nguo za watoto wao. Hatukuyafikiria hayo. Maji yanayokimbia, tuliambiwa, hayana ubaya.

Mchezo wetu mkubwa ulikuwa kujipikilisha. Makopo yalikuwa masufuria, udongo ulikuwa ugali, na mboga ilikuwa jani lolote lililokuwa karibu. Mimi nilikuwa mama mwenye nyumba. Naomi, binti wa jirani, alikuwa mama mkwe, maana alijua kununa vizuri kuliko sisi wote. Mdogo wangu Elia, ambaye hata shule alikuwa hajaanza, alikuwa mgeni. Hakukubali kuwa kitu kingine. Mgeni hatumwi maji wala kuni. Mgeni hugonga mgomba, akaita hodi, akakaa, akala. Sisi tulijifanya kula. Elia na Naomi walimeza kwelikweli.

Ukaja mwaka ambao mvua za masika zilibomoa mfereji kule juu, maji yakateremka mazito kama uji wa ulezi. Ugonjwa wa tumbo ukaingia kijijini, nyumba hadi nyumba. Ulimpata Naomi, kisha ukampata Elia. Nakumbuka Baba akipanda njia ya hospitali na mtoto mgongoni, amefungwa kwa blanketi la Mama, na miguu yake miembamba ikining'inia kama si ya mtu. Mama alifuata nyuma bila kugeuka. Mimi niliachwa na kuku, na kazi ya kusubiri. Nilikaa kwenye jiwe mbele ya nyumba. Kila mtu aliyeteremka njia ile nilimtazama uso kabla hajanifikia, nijue kama amebeba habari. Nilijifunza kuomba siku hizo. Kanisani nilikuwa nikiimba na kusinzia. Pale kwenye jiwe ndipo nilipoomba.

Elia alirudi. Naomi hakurudi. Mama yake alikuwa akipita nyumbani kwetu akienda shambani, na Mama alikuwa akimwita mdogo wangu ndani taratibu, asionekane.

Lakini Elia aliyerudi hakuwa yule wa kugonga mgomba. Maji ya chumvi na sukari waliyotupatia hospitalini aliyanywa, lakini chakula hakukitaka. Mama alimpikia uji, yeye akageuza uso ukutani. Mtori, akageuza uso. Loshoro aliyokuwa akiigombania na mimi, hakuitazama. Wanawake walikuja kutusalimu, wakaondoka wakinong'ona, na mimi nilisikia mmoja akisema mtoto asiyekula ameshaanza kuaga. Mama naye alisikia. Aliingia jikoni akachukua sukari iliyobaki, ile iliyonunuliwa dukani kule Maji ya Chai ikafungwa kwenye karatasi, ya chai ya mchungaji peke yake. Akaimwaga yote kwenye kikaango.

Niliogopa kuliko siku zote. Mama aliyekuwa akituchapa kwa kulamba kijiko alikuwa anaunguza sukari ya mchungaji. Niliitazama ikilowa pembeni, ikayeyuka, ikawa rangi ya asali, kisha rangi ya chai. Akatia samli kidogo, ikachemka kwa hasira, akaweka vipande vya ndizi mbivu. Harufu ile ilijaza nyumba. Akachukua kipande cha kwanza, akakipuliza, akanipa mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni. Sikuelewa. Nilikula mbele ya kitanda cha mdogo wangu, sukari ikanikatikia mdomoni kama barafu, na machozi yakinitoka kwa utamu na kwa hofu pamoja.

Nyuma ya blanketi ikatoka sauti ndogo.

"Na mimi."

Mama alimlisha kwa mkono wake, kipande baada ya kipande. Kisha akatoka nje, akasimama kwenye migomba akiwa ametugeuzia mgongo, na mabega yake yakawa yanatikisika.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ilikuwa na sheria moja zaidi ya zile za kipaimara. "Cha mferejini kipite motoni." Maji, maziwa, mboga, hata karoti tulizozing'oa bustanini kwa siri. Hakuna aliyetuambia kwamba majani ya mchezo wetu ndiyo yaliyoleta maradhi. Wengine waliugua ambao hawakucheza nasi kamwe. Mama hakutafuta wa kulaumu. Aliweka moto kati yetu na mfereji, basi. Nilipopata nyumba yangu nikaihamisha sheria ile pamoja na vyombo vya arusi. Wanangu walicheka, wajukuu wakacheka zaidi. Nimezeeka sijawahi kutia jani bichi kinywani.

Sasa turudi Jumamosi. Desturi yetu mnaijua: mwenye nyumba huonja kwanza, mgeni apate amani. Tangu babu yake Anande aitwe na Bwana, mwenye nyumba ni mimi. Ndiyo hofu yenyewe. Nikikataa kuonja, mjukuu wangu ameaibika mbele ya watu wa Machame, na mama mkwe mtarajiwa atajiuliza nyumba gani hii ambayo bibi anaogopa chakula cha nyumbani kwake. Nikionja na mgeni akapata tumbo, hapo nitasemaje? Nilimwomba Mungu mvua inyeshe, wageni wakwame. Kisha nikatubu, nikaomba tu utulivu.

Walifika wamependeza. Mama Godlisten, mama wa kijana anayemchumbia Anande, ni mtu mpole anayeongea kwa sauti ya chini, na nilimwona akipangusa viganja vyake kwenye kitenge. Kumbe naye alikuwa na hofu zake. Elia alikuwa amekaa kando yangu, babu mwenye fimbo na masikio mazito. Yeye ndiye aliyeugua, lakini hakumbuki hata siku moja ya ugonjwa ule. Niliyekaa kwenye jiwe ndiye ninayekumbuka.

Anande akaleta bakuli. Majani ya kijani yaliyochanwa kwa mkono, parachichi, na ndizi zikimeta juu kwa ile rangi niliyoijua. Akatoa simu, akalipiga picha kwanza. Vijana hawa chakula lazima kionekane na watu wa mbali kabla hakijaonekana na walioketi nacho. Elia akachungulia.

"Dada," akasema kwa sauti ya watu wasiosikia vizuri, "leo tumekuwa mbuzi?"

Wageni wakacheka, lakini Mama Godlisten alicheka kidogo tu, akanitazama. Wote wakanitazama. Nikashika uma. Niliona tone la maji kwenye ukingo wa jani, likining'inia, na sikuweza kuuinua mkono. Anande aliinama kama anayenirekebishia kitambaa cha mezani, akaninong'oneza sikioni.

"Bibi, majani yangeharibika motoni. Motoni nimepitisha maji. Niliyachemsha jana, nikayapoza, ndiyo niliyooshea."

Nikamgeukia. Mtoto huyu, ambaye nilidhani siku zote ananicheka, alikuwa ameishika sheria ya mwanamke asiyewahi kumwona, akaitii kwa njia ambayo mwenye sheria hakuijua. Nikafumba macho. Wageni walidhani nabariki chakula, na hawakukosea.

Nikala. Jani lilikuwa baridi, likavunjika mdomoni kwa sauti ndogo, lina ladha ya udongo uliotoka kunyeshewa. Nilingoja lile baya nililoliogopa maisha yote. Ikaja limau, na nyuma ya limau ikaja ndizi, na sukari ikakatika kwenye haya meno yangu ya kahawia kama ilivyokatika siku ile mlangoni. Nikajua kwa nini Mama alinipa mimi kwanza: nionje, mgeni wetu apate amani.

Mama Godlisten alikuwa bado ananitazama. Hapo mkono wa mdogo wangu, mkono mzee wenye mishipa, ukasukuma sahani yake mbele yangu.

"Na mimi," akasema Elia.

Hakujua alichosema. Nilimpakulia mpaka nikamwagia kitambaani, na Mama Godlisten akasogeza sahani yake bila kuambiwa, akisema kwa upole kwamba kwao Machame pia mbuzi wana bahati. Anande alisimama nyuma ya kiti changu. Nilisikia akishusha pumzi ndefu, nikajua kwamba tangu asubuhi alikuwa akinitazama uso, kama mimi nilivyowatazama wapita njia.

Siku zimepita, hakuna aliyeumwa. Posa imekubaliwa, tunamshukuru Mungu. Vitukuu wakija watapikia michezo yao kwenye simu: unagusa kioo, chungu kinachemka, hakuna anayelowa na hakuna anayemeza jani. Sitawakemea, maana najua thamani ya mtoto anayerudi nyumbani mzima. Mfereji wenyewe nusu ya mwaka ni mkavu, na maji yetu sasa yanatoka bombani. Lakini asubuhi nyingine nikiamka mapema, huwa nasikiliza upande ule wa migomba, kama kuna mtu mdogo anayegonga na kuita hodi. Wangekuja wawili, Elia wa siku zile na Naomi mwenye kununa, ningewakaribisha wote. Ningechemsha maji kwanza.