Wa Kumwitikia Olais

Kila tarehe mosi Septemba, siku ya kuzaliwa kwa Jeshi la Wananchi, Mzee Patrisi Sulle wa Buger huamka kumshinda jogoo wake na kupiga pasi suruali ya kaki isiyomtosha tena. Evarista, mkewe, humtazama akivuta pumzi ili kifungo kifike kwenye tundu lake, na kila mwaka humtupia neno lile lile.

"Baba Dorkasi, vita vimekwisha. Limebaki tumbo lako tu linapigana."

Patrisi hucheka, hukubali, na hufunga mkanda juu ya kifungo kilichoshindwa. Lakini mwaka jana hakucheka. Alisimama mlangoni na kiwi cha viatu mkononi, akiitazama njia ya vumbi jekundu inayoshuka barabarani, kama vile mgeni aliyekuwa akimngoja angetokea huko huko nyumbani. Alikuwa amemngoja mgeni huyo tangu ujana wake.

Ukimwona Patrisi shambani huwezi kumdhania askari. Ni Mmbulu mfupi wa maneno machache, mlima mahindi na maharage, baba wa watoto ambao wawili wao wanaendesha magari ya watalii kupanda Ngorongoro na mmoja yuko Arusha na hapigi simu mpaka aishiwe. Alikuwa mgambo mdogo walipomchukua kwenda vita vya Kagera. Alirudi, akaoa, akalima. Hakuna shujaa mle ndani, angekwambia mwenyewe, na angekukasirikia ukibisha.

Wazee wa Karatu waliorudi naye walikuwa wengi. Siku hizi mabenchi mawili yanawatosha na nafasi ya kuweka fimbo inabaki. Sherehe yao haina makuu. Askari walioko kazini siku hiyo huchangia damu na kufanya usafi hospitalini, nao wazee walitaka kuchangia pia, ila damu yao ina sukari na presha na hakuna anayeitaka, kwa hiyo wamebaki na ufagio. Hufagia uwanja wa zahanati moja pale mjini, hupaka chokaa mawe ya njiani, hugombana kidogo juu ya nani amepaka vibaya. Kisha hujipanga mstari mmoja, anayeweza kusimama na anayejitahidi, na Koplo Leonce, ambaye hata wajukuu wake humwita Koplo, huanza kuita majina.

Hapo ndipo ilipo sherehe yenyewe. Leonce huita kikosi chao kizima kama kilivyokuwa siku walipovuka mto Kagera. Aliye hai hujiitikia. Aliyekufa huitikiwa na yule aliyekuwa jirani yake mstarini, kwa sauti ya juu: "Yupo!"

Hakuna aliyekaa akaitunga mila hiyo. Asubuhi baada ya pambano lao la kwanza, Leonce, kijana aliyechanganyikiwa kwa usingizi na hofu, aliita majina kama alivyoyaita jana yake. Akafika kwenye jina la kijana mmoja wa Mbulu waliyemfukia alfajiri. Mstari ukanyamaza. Walikuwa wamezoea mizinga, lakini kimya kile kiliwashinda. Mtu mmoja hakuweza kukivumilia, akapaza sauti: "Yupo!" Wengine wakashusha pumzi. Tangu siku hiyo ikawa sheria.

Mmoja tu ndiye aliyenung'unika. Huyo alikuwa Olais Saning'o, Mmaasai wa Arash, mrefu, masikio yametogwa yakaning'inia, rafiki wa Patrisi wa kugawana naye sabuni na sigara. "Mnalofanya si zuri," alisema jioni ile. "Kwetu mtu akifa, jina lake linalala pamoja naye. Hatulitaji tena. Ukimwita unamsumbua."

Wakamcheka. Wambulu na Wamaasai wameibiana ng'ombe na kutaniana tangu enzi za mababu, na vijana wakiwa vitani hucheka lolote. Patrisi ndiye aliyecheka zaidi. "Basi wewe usife," alimwambia, "tusije tukakusumbua."

Olais akafa. Alikufa njia ya kwenda Masaka, mchana kweupe, akiwa hatua chache tu kutoka kwa Patrisi. Patrisi alimchimbia kaburi kwenye migomba ya mtu wasiyemjua, kwa beleshi fupi na kwa kucha zake, akamfunika koti lake la mvua, akamrudishia udongo. Kikosi kikaendelea mbele. Na alipoitwa Olais asubuhi iliyofuata, ni Patrisi aliyeitikia, na ameitikia kila Septemba tangu hapo. Manung'uniko ya rafiki yake yalimtoka akilini kabisa. Utani wake mwenyewe ndio haukumtoka, maana binadamu hukumbuka zaidi kile alichosema yeye.

Aliwahi kumtafutia ndugu. Miaka michache baada ya vita alidandia lori la mahindi hadi Loliondo, akauliza boma la Saning'o, akaambiwa ukame umewahamisha na mifugo yao na hakuna ajuaye walikopiga kambi. Alirudi na mafua. Akajifariji kwamba habari lazima zilikwisha kuwafikia, kwa kuwa habari mbaya haikosi miguu. Hata hivyo kitu kimoja kilimkaa rohoni kama mwiba wa mguuni unaousahau mpaka ukanyage. Alitaka, kabla hajafa, mtu wa damu moja na Olais asimame pale na kusikia kwamba ndugu yake hakutupwa, kwamba wapo watu wanaomwita kila mwaka na yupo anayemwitikia.

Aliyempatia ndugu huyo ni Abdulwahabu, mfanyabiashara wa mbuzi mwenye duka karibu na stendi ya Karatu, anayekwenda mnadani Loliondo mara kwa mara. Aliuliza uliza, akarudi na jibu: wazazi walikwisha kufa, lakini yuko dada, anaitwa Sinyati, ana boma lake Arash.

"Mwambie aje siku yetu," Patrisi alisema. "Mwambie aje amsikie ndugu yake."

Sasa Abdulwahabu si mtu wa jana. Amefanya biashara na Wamaasai tangu ndevu zake nyeusi, na anajua adabu zao: habari za marehemu huzianzishi wewe mgeni, na jina lake hulitii mdomoni. Kwa hiyo alimwambia Sinyati kwa adabu zote: "Mama, wenzake kaka yako wa jeshini wana siku yao Karatu. Wanakualika." Hakuongeza neno. Heshima yake ndiyo iliyoharibu mambo, na huwezi kumlaumu.

Sinyati alishuka na basi la Loliondo, akalala kwa Abdulwahabu, na asubuhi akaletwa zahanati. Mama wa makamo, mwembamba, shanga shingoni, kibuyu cha maziwa begani. Kwapani alibana shuka jekundu jipya, limekunjwa vizuri, la kiume. Patrisi aliliona, akadhani ni zawadi yao wazee, akaona haya maana wao hawakumwandalia kitu zaidi ya mbuzi na chai ya Evarista.

"Takwenya," alimsalimu, neno alilofundishwa na Olais.

"Iko," Sinyati alijibu, akatabasamu, na macho yake yakaenda kwenye masikio ya Patrisi. Kisha yakaenda kwenye masikio ya Leonce. Akakaa kwenye benchi, na muda wote wazee walipofagia aliwatazama mmoja mmoja, pembeni ya uso, kwa makini ya mtu anayechagua mbuzi. Patrisi alidhani anawahesabia magonjwa.

Wakajipanga. Evarista akaacha sufuria na kuja kusimama karibu na mgeni. Leonce akajikohoza, akaanza. Majina yakaenda, na "Yupo!" zikajibu, nyingine zikiwa na kikohozi ndani yake. Patrisi hakuwa akisikia. Alikuwa akilisubiri jina moja.

"Olais Saning'o!"

"Yupo!" Patrisi aliitoa kwa nguvu zote alizokuwa nazo, kwa ajili ya yule mama, hata njiwa wakaruka kwenye bati la zahanati.

Sinyati akainuka. Kibuyu kilianguka, maziwa yakatapakaa kwenye vumbi, hakukitazama. Alilikunjua shuka akiwa anakuja, akaushika mstari mwanzoni na kuufuata mtu kwa mtu, akiinua kofia zao, akiwagusa masikio kwa vidole vyake, huyu, na huyu, na huyu. Wazee walisimama wima wakiguswa, wasijue la kufanya. Alipofika mwisho akarudi tena mwanzo.

"Yuko wapi?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa na furaha, na hilo ndilo lililowaumiza. "Mmemwita. Nimesikia. Yuko wapi?"

Leonce aliinamisha macho kwenye viatu vyake. Hapo ndipo yale maneno ya jioni ya kwanza yalipomrudia Patrisi, yote, na sauti iliyoyasema: kwetu mtu akifa, jina lake linalala pamoja naye. Alielewa kwamba mama huyu, kwa akili zake timamu na kwa mila ya kwao, alikuwa amesikia jambo moja tu lililowezekana. Hakuna anayemwita maiti. Aliyeitwa yu hai.

Alimshika mkono, akamrudisha kwenye benchi, akaketi naye. Mtu mwingine angezungukazunguka. Patrisi hakujua kuzunguka.

"Dada yangu," alisema, "Olais alikufa kule kule vitani."

"Mbona mmemwita?"

"Ni ujinga wetu. Kwetu sisi ni heshima."

Barabarani gari la watalii lilipita kuelekea geti la Ngorongoro, likawaachia vumbi lake. Sinyati alisema taratibu, Kiswahili chake kikitafuta njia.

"Kwetu mtu akifa, ndugu wanavua shanga na kunyoa nywele. Sisi hatukunyoa. Watu walisema amepotea. Baba alisema, nani ameona? Kama hakuna aliyeona, hakufa. Mama alikuwa anamwita. Kila jioni ng'ombe wakirudi, anasimama mlango wa boma anamwita jina, ili jina lisilale. Mama alipokwenda, mimi nikamwita. Mpaka juzi nilimwita." Akamgeukia. "Wewe uliona?"

"Niliona."

"Kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu. Na nilimfukia kwa mikono hii."

Aliichukua mikono hiyo, akaigeuza, akaitazama viganja kana kwamba kaburi lingeonekana pale. "Ulimfunika na nini?"

"Koti langu la mvua. Sikuwa na kingine."

Patrisi alilia. Alilia vibaya, kama wanavyolia wazee, bila sauti na kwa pua, na Evarista, ambaye katika ndoa yao yote hakuwahi kusikia habari ya koti, aligeuka upande akajifuta kwa kitenge. Sinyati peke yake hakulia. Alilichukua lile shuka jekundu alilomletea kaka yake, akamtandazia Patrisi mabegani, juu ya shati lake la kaki, akalivuta mbele akalikaza.

"Lilikuwa lake," alisema. "Wewe ulimfunika. Chukua."

Kisha akainuka. "Nitamwita mara ya mwisho. Kama yupo atasema. Kama hayupo, mtu asiitike. Mtu yeyote. Mkiitika hamumwachi alale, na mimi simwachi."

Wazee walirudi mstarini wenyewe, bila amri. Fimbo zikaachwa kwenye benchi. Patrisi alisimama mahali pake pa siku zote, shuka likimning'inia mabegani, na upande wake wa kushoto pengo la mtu mmoja, ambalo hawajawahi kuliziba. Sinyati alikwenda hadi mwisho wa uwanja, penye mawe yaliyopakwa chokaa asubuhi ile, akaelekeza uso kule msitu wa Ngorongoro unakoinukia na ukungu wake. Akaita. Haikuwa sauti ya gwaride. Ilikuwa sauti ndefu ya jioni, ya mtu anayemwita mtoto aliyechelewa machungani.

Patrisi aliisikia ikimfikia kifuani. Mdomo ukafunguka wenyewe. Tangu ujana wake jina hilo halijawahi kuitwa mbele yake likakosa mwitikio, na neno lilikuwa tayari limefika kwenye ulimi. Alikumbuka, wewe usife tusije tukakusumbua. Akashika pindo la shuka, akalitia mdomoni, akaliuma.

Sinyati akaita tena. Leonce alifumba macho. Kimya kilikuwa kile kile cha asubuhi ile ng'ambo ya mto, kile walichokikimbia maisha yao yote, na safari hii walisimama ndani yake wakakiacha kipite.

Mara ya tatu sauti yake ilipasuka katikati ya jina. Hakuna aliyeitika.

Sinyati alingoja kidogo. Kisha akazifungua shanga zake shingoni, uzi mmoja baada ya mwingine, akarudi polepole hadi alipokuwa amesimama Evarista, akamwomba wembe.