Oili Chafu Bwawani

Shule niliishia darasa la nne, lakini miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, lori la kwanza kulala mtaani kwetu Sumbawanga lilikuwa langu. Na klabu ya kupiga kasia bwawani, njia ya Kaengesa, niliianzisha mimi. Mitumbwi mitatu niliipandisha mwenyewe kutoka ziwani kwa lori hilo, watu wakatoka majumbani kushangaa. Jumapili baada ya misa tulishindana, na bila mimi hakuna aliyegusa kasia.

Kiangazi kimoja mchwa wakaanza kuitafuna mitumbwi. Dawa kwetu inajulikana: nguzo ya ua ukiipaka oili chafu, inakaa miaka. Nikaimwaga ya lori kwenye ndoo, nikapaka mitumbwi nje na ndani, wenzangu wananisifu. Kesho yake tukaishusha majini oili ikiwa bado mbichi.

Jumatatu Msukuma mmoja, mfugaji wa ng'ambo ya bwawa, akanifuata gereji. Alinizidi umri, nikamwamkia. Akaeleza kwamba ng'ombe wake wananusa maji na kurudi nyuma. Maji mengine yalikuwa mbali, mwendo ambao wenye mimba wasingeuweza. Nikamuuliza kama si ugonjwa. Akanitazama mikono.

“Bwana mkubwa, hiyo harufu ya mikono yako ndiyo iko kwenye maji.”

Mimi, mwenye jibu la kila kitu, nilifunga gereji. Nilikwenda kuona. Maji yalimeta rangi rangi kama shingo ya njiwa. Usingizi ukanipotea. Je, wakizidiwa na kiu wakanywa, wakafa? Ng'ombe wa mtu ni maisha yake.

Wenzangu wa klabu walishauri tungoje mvua. Mvua ilikuwa miezi mbele. Mke wangu, aliyekuwa akipepeta ulezi uani, aliponiona nazunguka tu akauliza nina nini. Nikamweleza.

“Sasa baba, mafuta yakimwagika sakafuni si tunayanyunyizia pumba?”

Hilo sikulifikiria. Tulipakia pumba za ulezi lori zima. Kwa bahati upepo ulikuwa umeisukuma oili kwenye kona moja. Tukamwaga pumba, zikanywa oili, tukazichota kwa matenga na kuzirudisha gereji kwenye magunia. Mitumbwi tuliitoa, tukaikwangua mpaka mbao ikawa nyeupe. Siku tatu nzima, na kila jioni maji bado yalimeta kidogo, na mimi nikihesabu siku ambazo ng'ombe hawajanywa vizuri.

Siku ya nne mfugaji akawaleta. Jike zee lililoongoza kundi likainamisha kichwa, likanusa, likakiinua. Nilisimama na tenga mkononi. Likainama tena. Safari hii nikasikia linameza, na wengine wakalifuata.

Yule mzee hakunishukuru wala kunilaumu.

“Mitumbwi ikitaka mafuta, njoo uchukue ya ng'ombe kwangu,” alisema. “Na kabla ya kushusha, niite niinuse.”

Tangu hapo hakuna mtumbwi ulioshuka bila pua yake. Mimi, mwanzilishi, nilisimama pembeni nikingoja aitikie kwa kichwa.