Fishi za Maziwa Nilizozipanga kwa Mkono Wangu

Admini, jina langu lifiche, na majina ya humu ndani nimeyabadilisha yote. Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, nina watoto watatu na wajukuu, naishi Kinyinya hapa Kigali. Katika jumuiya yetu ya sala wananisifu kwamba ni mtu wa utaratibu. Wangejua huo utaratibu wangu ulifanya nini, sijui wangenitazamaje.

Mwaka 1993 nilikuwa binti wa miaka ishirini na nne, nimetoka kusoma biashara, najiona najua kila kitu. Nilipata kazi ofisini kwa mtu binafsi aliyekuwa na deposo, yaani ghala la maziwa. Wasambazaji walipeleka maziwa nyumba kwa nyumba kwa baiskeli. Kazi ilikwenda ovyo. Kila msambazaji alikuwa na wateja wake kichwani, na mmoja akiugua mtaa mzima unakosa maziwa, kwa sababu nyumba zenyewe hazikuwa na namba za kumwelekeza mtu mwingine. Patroni, yule mwenye deposo, akaniambia, "Wewe umesoma. Nitengenezee hii kazi."

Nikaitengeneza. Kila nyumba niliifanyia fishi, yaani kadi ya karatasi ngumu: jina la mwenye nyumba, lita ngapi, watu wangapi, saa gani wapo, na njia ya kufika mpaka mlangoni. Nikazipanga sandukuni kwa mitaa. Msambazaji yeyote angeweza kusaini, kuchukua fishi za mtaa wowote na kwenda. Hakuna tena kumsubiri mtu.

Aliyenipinga ni mmoja tu, Kaberuka, aliyekuwa akipeleka maziwa Nyakabanda. Aliniambia, "Mademozeli, nyumba za watu iko hapa kwa kichwa yangu. Ukiandika, itakuwa ya kila mtu."

Nilimcheka! Nilimwona mshamba anayeogopa kalamu. Nikamkalisha siku mbili, anataja nyumba moja moja, naandika. Moja naikumbuka mpaka leo: pita nyuma, kuna mwanya kwenye ua wa minyaa, gonga dirisha la jikoni. Kazi iliyokuwa ikiisha saa nane mchana ikawa inaisha saa nne asubuhi. Patroni alinisifu mbele ya wote, na kichwa kikanivimba.

Mwanzoni mwa 1994 aliajiriwa msambazaji mpya, mwanamume wa Kimisagara, mpole wa maneno. Jumamosi moja mchana akaniambia Kaberuka anaumwa, kwa hiyo kesho yake yeye ndiye atakayepeleka Nyakabanda. Akasaini, nikampa fishi zote za mtaa ule. Si ndio utaratibu niliouweka mwenyewe? Asubuhi yake Kaberuka akaja na baiskeli yake, mzima kabisa. Yule mpya hakuonekana tena, wala fishi hazikurudi.

Siku zile sote tulijua maana ya mtu kutaka kujua nani anakaa wapi. Nilijua, nisijifanye. Lakini niliogopa patroni angesema mpango wangu haufai kitu, nikanyamaza. Nikamwambia Kaberuka fishi zake zimelowa maji, tuziandike upya. Alinitazama kidogo, kisha akaanza kutaja tena, nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ningeweza kuwaonya wale watu siku ile ile. Sikumwonya hata mmoja.

Haukupita muda mrefu, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Mimi na mama yangu tulinusurika kwa ndugu zetu mashambani. Niliporudi mjini deposo ilikuwa majivu, patroni hayupo. Zile fishi za kwanza ziliishia mikononi mwa nani, sikuuliza popote. Nilijiambia labda yule mtu alizitupa tu. Nimeishi na hiyo labda miaka yote hii.

Mwaka jana dada mmoja alihamia jumuiya yetu, nitamwita Jeanne. Mwezi uliopita alitusimulia jinsi alivyompoteza mama yake na kaka zake Nyakabanda. Yeye alikuwa na miaka kumi, amefichwa juu darini. "Hawakupita mbele," alisema. "Walikuja nyuma, kwa ile mwanya ya minyaa, moja kwa moja mpaka dirisha ya jikoni. Nani alijua hapo? Ni mtu wa maziwa peke yake."

Yalikuwa maneno ya fishi yangu. Jeanne amesikia kwamba Kaberuka yuko hai, naye Jeanne anasema Jumamosi hii atakwenda kumtaja mbele ya majirani zake wote kwamba ndiye aliyewaonyesha wauaji njia. Akanishika mkono, "Mama, utanisindikiza?" Nikasema ndiyo. Ningesema nini?

Juzi nilikwenda Nyakabanda kwa Kaberuka. Ni mzee wa karibu miaka themanini, macho hayaoni vizuri, lakini sauti yangu aliijua. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kila kitu. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza taratibu, "Mademozeli, ile fishi tuliandika mara mbili. Ile ya kwanza ilienda wapi?"

Nikamjibu, "Zililowa maji."

Akatikisa kichwa. Akapapasa birika, akanimiminia maziwa, akasema, "Sawa. Kunywa basi." Nikayanywa yote, nikaaga.

Ndugu zangu, ninaogopa. Naogopa jela, naogopa macho ya wanangu, na zaidi namwogopa Jeanne, maana ananipenda. Jumamosi ni keshokutwa. Atakaponyoosha kidole kwa yule mzee, mimi nitakuwa nimesimama kando yake, nimemshika mkono. Nimtangulie kusema? Nikisema nitabaki na nani? Niambieni ukweli, hata kama ni wa kunitukana.