Dume Mwenye Mkia wa Upande

Mwaka jana, mvua zikielekea kwisha, walizaliwa kwangu wanakondoo watatu ambao midomo yao haikufunga. Taya la chini lilikuwa fupi mno. Walikuwa wanaitafuta chuchu, wanaipata, halafu maziwa yanamwagika pembeni. Niliwanywesha kwa chupa, wawili wakafa hata hivyo. Siku ile sikuandika kitu, kwa hiyo haya nayaandika kwa kumbukumbu, na kumbukumbu yangu siiamini sana.

Kondoo hawa niliachiwa na mama yangu, hapahapa Iyunga. Nilijivunia kwamba wote wanafanana, mwili mweupe na kichwa cheusi, utadhani wameshonewa sare kwa fundi mmoja. Ndiyo maana nilianza kulala vibaya. Kama wa mwakani nao watazaliwa na midomo wazi, basi nimeumaliza urithi wa mama kwa mikono yangu.

Afisa mifugo alikuja, binti mdogo mwenye buti kubwa kuliko yeye. Akauliza dume nimempata wapi. Nikamwambia hapahapa, na kabla yake alikuwa baba yake, na kabla ya hapo babu yake.

"Mama," akasema, "basi huyu ni baba, ni mjomba, na ni mume. Wakiitisha kikao cha ukoo, anakaa peke yake anajibizana."

Nilicheka mpaka nikashika mti wa zizi. Baadaye nikaona haya, maana dume hakukosa kitu. Hakuwahi kuletewa majike wengine.

Naandika alivyonieleza, kwa akili yangu ya darasa la saba, nikikosea ni mimi. Ndani ya kondoo kuna vinasaba, navyo huja viwiliwili, kimoja cha baba kimoja cha mama. Kinasaba chenye kasoro kama ile ya taya hujificha nyuma ya mwenzake kizima. Ndugu wakizaana, kasoro inakutana na kasoro. Halafu rangi inadanganya. Kondoo wawili wa aina moja wanaweza kutofautiana sana kwa ndani, na wawili wa aina mbalimbali wakawa karibu kuliko tunavyodhani.

"Tafuta dume wa mbali," akasema, akaniandikia na kwenye karatasi. "Koti lake usiliangalie. Uliza bibi yake ni nani."

Mbali kwangu mimi ni Iringa, alikoolewa mdogo wangu. Nikapanda basi. Nilipofika, sijanywa hata chai, nikaomba kuonyeshwa zizi la mama mkwe wake, na pale nikamwona. Kifua kipana, mwili mweupe, kichwa cheusi. Mzuri jamani! Nikapiga makofi.

Mama mkwe akatokea shambani, jembe begani.

"Kamwene, mwanangu. Unampigia makofi nani?"

"Huyu dume, mama. Nimefuata damu mpya."

"Huyo?" Akashusha jembe. "Huyo ni wa kwenu."

Mdogo wangu akajishika mdomo. Kwetu, binti akiolewa mbali, mama humpa kondoo jike mwenye mimba aondoke naye, asianze maisha mikono mitupu. Vichwa vyeusi vyote pale zizini vilitokana na yule jike wa mama. Nimesafiri kutwa nzima kumfuata mpwa wangu!

Shemeji, mume wa mdogo wangu, alikuwa amekaa chini kwa kicheko. "Shemeji, ndiyo unamrudisha kwa shangazi zake?"

"Nyamaza, wewe mkwe tu."

"Mimi mkwe, sawa. Yeye ndiye mwenye nyumba."

Kulikuwa na dume mwingine amefungwa peke yake kwenye mparachichi. Alikuwa na wiki moja tu pale. Mama mkwe alibadilishana na wafugaji wa kule Madibira, akawapa dume wake wa kahawia. Huyu alikuwa mwekundu kama tofali, sikio moja fupi, na mkia wake mnene umelalia upande kama mzigo uliofungwa kwa haraka.

"Huyo hapana," nikasema. Nakiri nilisema hivyo.

Mdogo wangu akampigia afisa mifugo kwa simu yangu, akaweka sauti ya juu.

"Taya lake likoje?"

Nikamfungua mdomo. Meno ya chini yalikaa sawasawa kwenye ufizi wa juu.

"Na wako wana undugu naye?"

"Hata ujirani hawana," nikasema. "Ila ni mbaya, mwanangu."

"Mama, unatafuta dume au unatafuta mchumba? Mchukue!"

Mama mkwe akasema hana neno, ila dume hutolewa kwa dume. Nimletee wangu. Hapo mdogo wangu akanikanyaga mguu, maana yake nikubali haraka. Nami nilitaka kukubali. Dume wangu anapendeza, nani angejua? Lakini ulimi ukawa mzito, nikasema yote, taya, chupa, wale wawili waliokufa, na jinsi ndugu walivyozaana.

Shemeji akaacha kucheka.

"Kwa hiyo wewe uondoke na mzima," mama mkwe akasema, "sisi tubaki na nini?"

Swali lilikuwa la haki.

Akamfungua kamba yule mwekundu. "Mchukue. Dume wa kwanza atakayemzaa kwako ni wangu, nitamweka na majike wangu wa kahawia. Akija na mdomo wazi usimlete. Njoo mwenyewe unieleze."

Tulirudi kwenye pikapu ya viazi, na njiani dume alitafuna kona ya turubai. Jirani yangu hakunisubiri hata nishuke.

"Jirani, umenunua kondoo au umeokota zulia?"

Dume wa zamani nilimhasi. Haikuwa rahisi kwangu, na kwake nadhani zaidi.

Miezi mitano ikapita, na siku chache. Asubuhi moja jike mkubwa akaanza kukwarua ardhi. Nikakimbia kisimani, na niliporudi walikuwa wawili tayari, madume wote, mmoja mwekundu, mwingine ana mabaka. Nikatia kidole mdomoni mwa wa kwanza. Akakibana, akavuta! Wa pili naye akavuta! Nilirukaruka mle zizini, khanga ikaanguka kwenye samadi, nikaendelea kuruka juu yake.

Ndipo nikakumbuka ahadi ya dume wa kwanza. Nikampigia mama mkwe.

"Mama, wamezaliwa wawili, midomo inafunga."

Alipiga vigelegele nikasogeza simu mbali na sikio.

"Ila sijui wa kwanza ni yupi. Nilikuwa kisimani."

"Unanipigia kunieleza kwamba hujui?"

"Ulisema wa kwanza."

"Mwanangu, si ungesema lolote tu!"

"Ningesemaje, na sijui uongo ungekuwa upi?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Walete wote wakiacha kunyonya. Ukiwaacha hapo watakuwa waume wa mama yao, turudi kulekule. Mmoja wangu. Wa pili nitamtafutia wa kubadilishana naye, uondoke na mgeni."

Nikakaa kwenye ndoo. Kanuni ile niliandikiwa kwenye karatasi na bado nilikuwa naisoma, yeye ameipata kwa kusikia mara moja. Kisha nikarudi kuwatia kidole mdomoni tena, mmoja baada ya mwingine, bila sababu yoyote.