Rupia za Mama Varun na Majivu ya Krismasi

Marangu ukivua viatu vya kanisani Jumapili hii, Jumapili ijayo unavikuta vimeota ukungu. Ni Kastori peke yake aliyeweza kutunza kitu cha chuma kikavu mwaka mzima. Alijua hilo, na kwa bahati mbaya alitaka kila mtu alijue.

Tangu apunguzwe kazi kwenye ghala la kahawa alikuwa akikusanya sarafu za kale: za Mjerumani, senti zenye tundu, shilingi za simba. Kila moja aliifunga kwenye karatasi yake, akazipanga kwenye kopo la maziwa ya unga, akaziba mfuniko kwa nta ya mshumaa. Ndani alitia vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Enzi hizo za ruksa, biashara ilipofunguliwa, viatu vya nje vilifurika Moshi mjini, na Kastori alizunguka duka kwa duka akiomba vipakiti tu. Wauzaji walimwona mwendawazimu mwenye adabu.

"Shika pembeni," aliwahubiria majirani. "Jasho la kidole ni sumu. Na usisugue kamwe! Ule weusi ndio umri wake. Ukisugua umemnyoa mzee ndevu, ukamwita kijana."

Ndiyo sababu Indira, mjane mwenye duka la vitambaa mjini, ambaye wote walimwita Mama Varun, alipokwenda kumwuguza dada yake Mombasa mwishoni mwa mwaka tisini na nne, alimwachia rupia kumi na mbili za marehemu mumewe, zenye sura ya mfalme mwenye masharubu. Paa la duka lilikuwa linavuja. "Kwako hazitaharibika, Baba Given," alisema. Siku hiyo Kastori alipanda mlima kama askofu.

Ikaja Krismasi. Magari yakapanda kutoka Dar, na kila nyumba sufuria zikasuguliwa kwa majivu na ndimu mpaka ukaweza kuhesabu meno yako ndani yake. Rogath, mdogo wake Kastori, alishuka kwenye gari jipya akiwa na saa ya dhahabu ambayo haikuwa na haja ya kusema saa ngapi.

"Mangi, bado unafuga vyuma?" akasema, akimtania kwa cheo cha machifu. "Tuonyeshe basi hiyo hazina."

"Kesho, baada ya misa."

Asubuhi Kastori akafungua kopo alilozitengea rupia. Rupia zilikuwa nyeusi kama tako la chungu, yaani salama kabisa. Akaifikiria ile saa. Mektrida, mkewe, alikuwa amekwenda kuchota maji mferejini. Kwenye beseni lake palikuwa na majivu na nusu ndimu. Mhubiri akapiga magoti.

Akasugua zote kumi na mbili.

Zikang'aa kama vijiko vya harusi. Baada ya misa Rogath aliigeuza moja, akacheka mpaka pombe ya mbege ikamtoka puani. "Kaka, hii ya juzi! Huyu mfalme hana hata masharubu. Umeuziwa feki!" Ukoo mzima ukacheka. Kastori akacheka nao. Ukweli ungechekesha zaidi.

Januari akashuka mjini na Mektrida kumsalimu Mama Varun aliyekuwa amerudi, na kumrudishia rupia zake. Mama akavaa miwani, akainua rupia kwenye mwanga, kidole chake kikatafuta masharubu yasiyokuwapo.

"Nani amezisugua?"

Hapo mdomo wa Kastori, bila kumshauri mwenyewe, ukasema: "Mama Given. Si unajua wanawake na Krismasi."

Mektrida alikuwa mlangoni kati ya wateja, mkungu wa ndizi za zawadi kichwani. Hakuutua. Alimtazama mumewe, kisha akasema, "Tusamehe, mama."

"Hukujua," Mama Varun alimjibu kwa upole. "Asiyejua hana kosa. Baba Given, rudi nazo mpaka nizibe paa. Bado nakuamini."

Njiani Mektrida alitangulia. Nyumbani alipika, akapakua, akamwita mumewe "baba" kwa adabu ileile, na adabu hiyo ikamchoma Kastori kuliko upupu. Siku ya tatu akaenda mpakani mwa kihamba, shamba lao la migomba, akakata jani la isale, akalipiga fundo, akampelekea mkewe kwa mikono miwili. Uchaggani aliyeletewa isale hana ruhusa ya kukataa kusamehe, hata kama umemchinjia ng'ombe wake.

"Nimepokea," alisema Mektrida. "Mila imenifunga. Sasa kata la pili, ulipeleke dukani. Nitakuja nikusikilize."

"Dukani kuna wateja, Mama Given."

"Hata siku ile walikuwapo."

Mama Varun amezaliwa Moshi. Kuelezwa jani hakuhitaji. Alipoliona akaacha kupima kitenge. "Nani kamkosea nani?"

Wateja wawili wakageuka.

"Ni mimi niliyesugua," Kastori alisema, akiitazama sakafu. "Na nilijua. Nilitaka mdogo wangu asinicheke. Halafu nikamsingizia mke wangu."

Mama Varun akalipokea jani, akaliweka kando ya mkasi. "Nimekusamehe," alisema. Kisha kopo la rupia, ambalo Kastori alikuwa ameliweka mezani, akalivuta upande wake. "Ila hizi zitabaki hapa."

Juu yao bati lilikuwa bado linadondosha maji. Kastori akafungua mdomo kumwonya juu ya unyevu, akaufunga.